Punje Moja Kwenye Turubai

"Mama, nasema huu mchele usiuze, hata usi—"

"Na mimi nasema toka kwangu! Unajua mchele wewe? Nyinyi watu wa ugali!"

Wafula wa maabara alikuwa ameshika karatasi ya majibu kama ngao. Maji ya mfereji wa shamba yameleta risasi, yale madini ya betri, mpaka ndani ya punje. Zinki na chuma, vitu vya kujenga damu, vimepungua.

Mama akaokota punje moja kwenye turubai la kuanikia, akaiuma kwa meno ya mbele, vile wakulima wote wa Ahero hupima ukavu. Ka! Ikavunjika safi, nyeupe ndani.

"Iko sawa kabisa. Hata skia harufu!"

"Risasi haina harufu, mama. Hata ukichemsha haiishi."

"Sasa tukule nini? Hiyo karatasi?"

Wafula akaangalia mtoto aliyelala mgongoni mwa mama. "Basi angalau huyu usimpikie uji wa huu mchele."

"Huyu hajaanza uji. Ananyonya tu. Mimi ndio nakula, mchana na jioni."

Mama akanyoosha mkono kwenye mkoba wa Wafula, penye chupa ndogo za kupimia maji.

"Omera, ndugu yangu, nipatie moja. Nikamue maziwa, unipimie."