Akaunti ya Mkomafi

"Mwalimu, waniita mwongo?" Swabra aliuliza, na sauti ikampanda mbele za watu.

Mwarandu, mwalimu wa baiolojia na msimamizi mwenzake wa wiki ya mikoko, ile kamusi elezo ya mtandaoni, hakubishana. Aligeuza tu skrini. Akaunti mbili zilikuwa pale: ya Swabra, na ya mtu aliyejiita Mkomafi, jina la aina mojawapo ya mikoko. Mbele ya kila moja mtambo ulionyesha alama ya kompyuta iliyotumika. Alama ilikuwa ile ile.

"Mimi nasoma tu, Bi Swabra. Kompyuta moja. Tena angalia siku. Wewe ukiandika, Mkomafi kimya. Mkomafi akiandika, wewe kimya. Siku mbili wewe, siku mbili yeye, miezi saba sasa. Na kila ukibishana na mtu, Mkomafi yuko upande wako."

Wanachama waliokaa kwenye madawati waliinamisha vichwa. Hilo ndilo lililomchoma. Wiki hii aliianza peke yake miaka sita iliyopita, kwa makala moja kuhusu mkoko uitwao mkandaa. Leo ilikuwa na makala mia nne, na watafiti wa vyuo vikuu walikuwa wakiitegemea. Yote hayo yalisimama juu ya jambo moja: kila jina lazima liwe mtu wa kweli. Sasa ati aliyetunga sheria ndiye anayejipigia kura mara mbili!

"Wallahi simjui," alisema.

"Basi una mpaka Ijumaa umjue," Mwarandu alijibu, kwa upole uliomuudhi zaidi. "La sivyo wanachama watakuvua usimamizi, na mimi sitaweza kukutetea."

Njia nzima ya kurudi Likoni Swabra alishuku watu. Alianza na Mwarandu mwenyewe. Si ndiye angebaki msimamizi peke yake? Na nani alimtuma achimbue alama za kompyuta bila kumwarifu mwenziwe? Akamgeukia Kafedha, mwanachama ambaye waligombana juu ya miche ya Mikindani. Alipofika kwake Mtongwe, huko huko Likoni, alikuwa ameshawashuku hata watu wasiojua kompyuta huwashwa vipi.

Mambo yalimfungukia akivua viatu. Siku mbili!

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mumewe, Mahfudh, fundi wa pampu katika bohari moja ya mafuta huko Changamwe. Kazi yake, alivyosema, ilikuwa siku mbili kutwa kucha kazini, siku mbili nyumbani, na kompyuta ilimfuata popote alipo. Ikirudi huwa imefutwa kila kitu, sheria ya kazini. Swabra aliandika makala siku ambazo ipo nyumbani. Simu yake, kioo kimepasuka, ilikuwa ya kusoma na kutuma ujumbe tu. Basi mchawi yuko boharini! Alifurahi karibu apige kigelegele.

"Nani kazini hushika kompyuta yako?" alimuuliza Mahfudh, akimpakulia wali.

Mahfudh alivuta sahani karibu. "Vijana tu. Kwani?"

"Kuna mmoja aniharibia jina. Aingia kwenye wiki yangu ajifanya bingwa wa mikoko. Nataka nimjue."

"Ya nini kumjua? Mfungie. Mfungie leo leo, yaishe. Usianze kuulizana na watu usiowajua, Swabra, utajitafutia balaa."

Swabra alimshukuru Mungu kwa kupewa mume mwenye busara. Usiku ule alifungua ukurasa wa Mkomafi ili amfungie, kidole kikasita. Makala yalikuwa mazuri, na hilo lilimkera sana. Ni kijana gani wa bohari ajuaye kuwa mkandaa hauvumilii maji yaliyotuama? Nani kati yao angeingia tope la mikoko ya Junda mara kwa mara, apime miche mmoja mmoja na kuandika tarehe?

Halafu kulikuwa na sheria, ambayo aliiandika yeye mwenyewe: hafungiwi mtu kabla ya kuulizwa. Akiivunja leo, Mwarandu atakuwa wa kwanza kuiona.

Alhamisi asubuhi, Mahfudh alipoondoka na mkoba wake wa kompyuta, Swabra alikaa kitandani na ile simu mbovu akaandika: "Mkomafi, watumia kompyuta isiyo yako. U nani, na umeipata wapi? Nijibu kabla ya kesho, au nakufungia."

Jibu liliingia kabla ya adhuhuri. Swabra hakulifungua. Alitaka shahidi. Alimpigia Mwarandu, akaweka simu kwenye spika.

"Mwizi wangu amejibu, Mwalimu. Nakusomea mwenyewe, neno kwa neno, usije ukasema nimetunga."

"Haya, nasikiliza."

Alifungua ujumbe akasoma kwa sauti ya ushindi. "'Shikamoo, dada Swabra. Niwie radhi, sikutaka kukukosea. Naitwa Intisar, nakaa Mjambere. Kompyuta ni ya mume wangu, hunipa niandike akiwa nyumbani. Aliniona navyopenda mikoko, akanifungulia wiki yako.'"

Swabra aliisogeza simu karibu na uso.

"Endelea, Bi Swabra," Mwarandu alisema. "Nakusikia."

Lakini yaliyobaki aliyasoma kwa macho tu.

"Mahfudh alinikataza kukuandikia. Amesema nyinyi ni ndugu wa tumbo moja ila mmekosana, nisubiri mpaka mtoto azaliwe ndipo atupatanishe. Tafadhali usinifungie, wifi."