Hodi ya Tatu

Zama hizo kila nyumba ilikuwa na mfumo wake wa kompyuta, unaofungua mlango, kuchemsha chai na kukumbusha dawa. Mifumo ya makampuni ilijiingiza yenyewe. Mwanakombo, aliyeshughulikia mfumo huru wa bure, alibuni kisakinishi chenye adabu, yaani programu ya kuuingiza mfumo huo nyumbani: kilibisha hodi mara tatu, na kisipoitikiwa kiliondoka.

Alikipeleka kwa shangazi yake Bi Tunu, mjane. Mfumo wake wa zamani bado ulisema kwa sauti ya marehemu mumewe.

"Kitavifuta vyote vya zamani, hata sauti yake?" Bi Tunu aliuliza.

"Vyote, shangazi. Ukinyamaza, hakigusi kitu."

Hodi ya kwanza Bi Tunu alinyamaza, na ya pili pia. Ya tatu, kabla hajafumbua mdomo, sauti ya marehemu ikaitikia kutoka ukutani: "Karibu, pita ndani."

Mwanakombo alikimbilia kukizima kisakinishi. Hakuwahi kufikiri kwamba nyumba yenyewe ingejibu. Bi Tunu akamshika mkono.

"Kiache, mwanangu. Ahsante sana. Wengine hawakuniuliza hata mimi. Wewe umemuuliza na yeye."

Ukutani sauti ile ikamkumbusha dawa ya saa kumi kwa mara ya mwisho, kisha ikanyamaza.