Mama wa Huko

Nchi ile haimpokei mwanafunzi mpaka apewe mama wa huko, na mtu haruhusiwi kuwa na mama wawili. Hilo Bi Mwanakombo hakuambiwa. Siku ya safari bintiye Siwema alimwambia, "Weka dole gumba hapa mama, ni fomu ya bweni tu," naye akaliweka kwa Bismillahi.

Leo Siwema amefika huko, naye amepiga simu ya video. Uso wake umejaa kwenye kioo cha ukutani, na nyuma yake mwanamke mwenye mvi anamfunga skafu shingoni.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Bi Mwanakombo ndo nani? Safari imekuvuruga, we mtoto?"

"Ndiyo sheria. Wanasikiliza. Nikikuita vile nilivyozoea, au mtu akikuita hivyo ukaitika, narudishwa."

"Ulijua tangu siku ile ya dole?"

Siwema akainamisha macho. "Ungekataa."

Mara jirani akabisha mlangoni. "Hodi, Mama Siwema! Mtoto kafika salama?"

Kule kiooni Siwema akaweka kidole mdomoni, macho yamemtoka. Bi Mwanakombo akamtazama, akanyamaza. Hodi ya pili ikapigwa, na ya tatu, kisha jirani akaenda zake.