Mfuko wa Mzee Tamimu

Mwanamume mwenye kofia nyekundu alijilaza chali mlangoni, akasema jeneza halipiti.

"Mtoeni dirishani. Huyu lini alimfungulia mtu mlango? Chumba cha kompyuta alikifunga kama kuna mwali ndani."

Waombolezaji wakacheka, hata waliokuwa wakilia. Tangu asubuhi walikuwa wakiwangoja watani wa ukoo kutoka Muhoro, na kwa watu wa Ikwiriri msiba usio na watani ni wali usiotiwa nazi. Alipoulizwa wenzake wako wapi, alisema wako nyuma.

Nusaiba alisimama ukutani pamoja na wanawake, amekumbatia mfuko wa turubai. Mzee Tamimu alikuwa fundi wa kompyuta za shule tangu enzi za mashine zenye migongo mikubwa, na kabla hajafa alimwachia yeye kazi na mfuko. Ndani mlikuwa na bisibisi, brashi ya vumbi na diski moja. Humo Mzee alikuwa amekusanya masomo ya kila darasa, kwa ajili ya shule za visiwani zisizo na mtandao. Nakala ya pili ilikwenda na mafuriko. Keshokutwa Nusaiba angepanda boti kuipeleka Mbwera, ambako wanafunzi walikuwa wameshaambiwa kwamba masomo yanakuja.

Mtani akainuka, akachukua miwani ya marehemu dirishani, akaivaa. Akatembea taratibu, mikono nyuma, akichungulia matako ya masufuria kana kwamba ni kompyuta. Alimpatia kabisa, hata kile kikohozi chake kabla ya kutamka kwamba mashine haiumwi, anayeumwa ni mtumiaji. Watu wakashika mbavu.

Akasimulia jinsi Mzee alivyovuka maji na kompyuta kichwani, ameifunika kwa koti, huku nyumba yake ikimvujia mkewe. Jinsi alivyowakatalia walimu wasichaji simu kwenye sola ya shule, akawachongea walipomzidi ujanja. Maisha yote kuzilinda mashine, alisema, na hakuna hata moja iliyokuja kumzika.

"Na mimi je?" Sauti ilishuka. "Mimi alinifukuzisha kazi kwa ajili ya betri za sola. Betri tu, jamani."

"Kwani hukuiba?" akamchokoza mama mmoja.

"Niliiba."

Wakacheka zaidi. Yeye hakucheka.

Mshamu, mdogo wa marehemu, akatoa noti ili njia ifunguliwe, kama ilivyo ada. Mtani hakuitazama. Alimnyooshea Nusaiba kidole.

"Nataka ule mfuko."

Nusaiba akaukaza kifuani, akasema una kazi ya shule. Wanawake wakamsukuma kwa upole. Mtani hanyimwi, walimwambia. Atauchezea mpaka makaburini, kisha ataurudisha, ndivyo walivyo. Wanaume walikuwa wameshaliinua jeneza, na adhana ya alasiri ilikuwa karibu.

"Mpe, mwanangu," akasema Mshamu. "Usituwekee maiti njiani."

Akampa.

Mtani akauvaa begani, akainamia jeneza. "Sasa tumelingana, Tamimu," akasema, na akapisha.

Jeneza likatoka. Wanaume wakalifuata kwa kalima, kofia nyekundu ikiwa nyuma kabisa, kisha umati ukakunja kona na Nusaiba hakuiona tena.

Alikuwa bado anatazama njia pale gari lililotapakaa tope liliposimama mbele ya nyumba. Akashuka bibi mnene, kanga kiunoni, sufuria kichwani badala ya kofia.

"Tulinasa kwenye tope tangu alfajiri," akasema akihema. "Yuko wapi mtani wetu Tamimu? Asizikwe kabla hatujamtukana."

Mama mmoja akampokea, akamwambia wasiwe na wasiwasi, mwenzao aliyetangulia ameifanya kazi yote, tena ameifanya vizuri.

Bibi akageuka, akawatazama watu wake mmoja mmoja wakishuka.

"Mwenzetu yupi?" akauliza. "Watu wa Muhoro sote tumo humu garini."