Mkia wa Anwani

"Nukta shop!" Bwana Sponji alirudia, akicheka mpaka kiti kikalia. "Dada, unataka kiwanda cha baba yetu kijulikane mtandaoni kama kibanda cha vocha?"

Dada yake mkubwa, aliyesimamia mauzo ya kiwanda chao cha magodoro, hakucheka. Jina lao fupi la tovuti, lenye mkia wa com, lilishachukuliwa na mtu wa mbali ambaye wala halitumii. Walilobaki nalo ni refu kama treni, lina vistari katikati, na kila siku wateja wanakosea kuliandika. Lile la shop ni fupi na liko wazi.

"Wakosee tu. Mwenye shida na godoro atajifunza kuandika. Anwani isiyo na com ni mtu aliyevaa suti miguu peku."

Mjadala ukaishia hapo. Kwa Bwana Sponji dunia ilikuwa na watu wa aina mbili, wenye com na wababaishaji. Barua pepe yenye mkia mwingine aliifuta bila kuifungua. Aliwahi kufuta hivyohivyo mwaliko wa harusi ya binamu yake, na hakujuta hata kidogo.

Siku hizo kiwanda kizima kilikuwa kinashona oda moja tu: magodoro ya wodi ya wazazi ya hospitali mpya katika mji wa jirani. Magodoro rahisi ya kutoka nje yalikuwa yamewanyang'anya wateja wote wa madukani. Oda hii ikiharibika, geti la baba yao lingefungwa, na yeye ndiye angekuwa mtoto aliyelifunga. Hilo lilimnyima usingizi, ingawa asingelikiri mbele ya mtu.

Wakiwa wanamalizia kushona, alikuja mwanamke mwenye mkoba begani na viatu vilivyojaa vumbi. Alisema yeye ndiye msimamizi wa vifaa wa hospitali hiyo.

"Bosi, tunakuandikia hujibu. Nikaona nije mwenyewe. Magodoro tunayahitaji haraka, akina mama wameshaanza kuja."

Akampa kadi. Bwana Sponji akaisoma anwani ya barua pepe kuanzia mwishoni, kama kawaida yake. Nukta care.

"Care," akasema, akiishika kwa ncha za vidole. "Mimi na hospitali hiyo tunaandikiana kila wiki, mama. Kwa com."

"Ile ya com tuliiacha, hatuilipii tena. Ilikuwa ndefu mno. Hii watu wanaikumbuka."

"Com haiachwi! Ni sawa na kuniambia umeacha jina la ukoo wako."

"Basi piga simu hospitali. Namba iko hapo chini."

"Namba uliyoiandika wewe itapokelewa na mwenzako. Unaniona mtoto mdogo?"

Hata hivyo hakutaka kumhukumu mtu bila ushahidi. Mbele ya macho ya mwanamke huyo, akaandika kwenye anwani ya com: hapa kwangu kuna mtu anayedai mmemtuma. Jibu lilifika kabla chai yake haijapoa. Hatumjui, ni tapeli, mfukuze. Lori letu litakuja kesho kuchukua mzigo wote.

Akamgeuzia skrini. Mwanamke akasoma, akasoma tena.

"Huyu ni nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hiyo ndiyo hospitali. Wewe ndiye nani?"

Akaita mlinzi. Mashine zikazimwa ili mafundi wote watoke kutazama, na Bwana Sponji akamsindikiza mgeni mpaka getini akihutubia kama mgombea. "Mtazameni vizuri! Siku hizi matapeli hawaji na mapanga, wanakuja na kadi." Mafundi wakacheka, wengine kwa sababu bosi alikuwa anawaangalia. Mwanamke alijifuta uso kwa kiganja, akavuka barabara kwenda kutafuta gari la kurudi.

"Twende huko hospitali tukahakikishe," dada yake akasema. "Si mbali. Asubuhi tunakwenda, jioni tumerudi."

"Umemwonea huruma kwa sababu mkia wake unafanana na wako," akamjibu, na hakutaka kusikia zaidi.

Lori lilikuja kesho yake kama lilivyoahidiwa. Dereva alikuwa na adabu, na juu ya karatasi yake anwani ya com ilikuwa imechapwa kwa wino mzito. Bwana Sponji alivua koti akasaidia kupakia. Godoro la mwisho alilipiga kofi la mapenzi, akamwambia dada yake kwamba baba yao angekuwepo leo angefurahi. Jioni com ikaandika: mzigo umefika salama, asanteni sana, malipo yanaandaliwa.

Wiki iliyofuata alivaa tai ya marehemu baba yake, akamchukua dada yake, wakaenda kuiona wodi. Alitaka kuyapiga picha magodoro yakiwa yamelaliwa, aziweke kwenye tovuti yao, ile ya jina refu lenye vistari. Njia nzima alimsimulia dada yake jinsi yule tapeli alivyokodoa macho mbele ya skrini, na kila aliposimulia alicheka upya.

Hospitalini walielekezwa mpaka mwisho wa korido. Bwana Sponji akanyoosha tai, akashika simu tayari, akagonga.

Mlango ulifunguliwa na yule mwanamke, amevaa koti la hospitali, kitambulisho kifuani. Nyuma yake vitanda vilikuwa vimepangwa safu mbili, chuma kitupu, na akina mama wamekaa sakafuni juu ya mablanketi, wameegemea ukuta na vichanga mikononi.

Mwanamke alimtazama Bwana Sponji, kisha akachungulia koridoni nyuma yake, kana kwamba anatafuta wabebaji.

"Afadhali umekuja," akasema. "Umeyaleta?"