Maji ya Jiwe la Kunoa

Emilienne alikuwa ameshika kopo la maji ya kujaza mashini ya kunoa, wakati yule mwanamke aliyemnyang'anya bwana alipoingia na kisu cha samaki.

"Yaya, dada yangu mukubwa, noa muzuri. Kesho mama mukwe na bandugu yake banakuja kuniangalia nikipasua samaki. Ile midomo yao unaijua."

Aliijua. Ndiyo iliyomtangaza mji mzima wa Nchelenge kwamba hajui jiko.

"Ikala, mama," akasema, akimwonyesha kigoda akae.

Fundi aliyemfundisha mashini ile alimpa onyo moja tu: jiwe lisizunguke kavu. Bila maji chuma kinaungua. Kisu kitang'aa, kitapasua samaki wawili watatu, halafu makali yatakufa.

Maji machafu alikwisha kuyamwaga. Beseni chini ya jiwe lilikuwa tupu, limebaki na unga wa chuma wa kijivu, unaonata kama ugali wa jana.

"Bwana iko muzima?" Emilienne akauliza, akiinamisha kopo juu ya beseni.

"Anakulaka sasa, ananona. Anasema kule kwako samaki zilikuwa vipande-vipande, utasema ni paka alizikata."

Emilienne akacheka, wakacheka wote wawili. Halafu akaliweka kopo chini, bado limejaa, akawasha mashini.