Saa Iliyochelewa Kisimani

Lyle Haugen alianza kucheka hata kabla bomba halijatoka kwenye kisima cha mafuta. Alisimama karibu na mtambo wa kuchimba, mikono mfukoni, tumbo mbele, theluji ya Machi ikimyeyukia kwenye kofia. Kila aliyewahi kufanya kazi chini yake huku Dakota Kaskazini alikijua kicheko kile. Ni cha mtu aliyekwisha kutoa hukumu na sasa anangoja ushahidi uje kumuunga mkono.

"Dada wa Saskatchewan," alisema, "saa yako imeiva, au tuiongezee moto?"

Marnie Kowalchuk, aliyevuka mpaka kutoka jimbo hilo la Kanada, aliendelea kukagua waya zake. Saa ile ilikuwa jasho lake la miaka. Ilishuka Jumamosi ndani ya bomba la vipimo, huko chini ambako joto linaweza kukaanga nyama na mtikisiko hulegeza kila skrubu. Saa za kawaida hupotea huko. Kile kipande cha fuwele kinachohesabu sekunde kikipata moto huanza kuyumba, na kikiyumba, vipimo vyote huwa takataka. Bomba linaandika limepita mwamba gani saa ngapi, kompyuta ya juu inaandika lilikuwa kina gani saa ngapi, na saa hizo mbili zisipopatana, hakuna ajuaye mafuta yako wapi.

Kabla bomba halijashuka, Marnie alizilinganisha mbele ya Lyle. Zilipatana barabara.

"Ikirudi imepishana na kompyuta hata sekunde moja," Lyle alimwambia siku hiyo, "funga virago. Na kampuni yako nisiione tena kwenye visima vyangu."

Uwezo huo alikuwa nao, maana visima vyote vya upande ule alivisimamia yeye. Kampuni ya Marnie ilikuwa Marnie mwenyewe, dada yake, na karakana ya kupanga. Wakikataliwa hapa, hawakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mtamboni Jumapili ni siku kama nyingine, ila asubuhi ile zamu nzima ilifika macho yamevimba. Cletus, mkuu wa zamu, alipiga miayo tangu garini.

"Sijui nimelala vipi," alisema. "Simu imelia, nikadhani inanitania."

"Punguza bia," Lyle alimjibu.

Bomba lilitoka, likaoshwa tope, Marnie akaliunganisha waya ndani ya kibanda. Lyle alimwinamia begani akinuka kahawa na tumbaku. Kompyuta ilisema ni saa tatu na robo asubuhi. Saa ya kisimani ilisema ni saa mbili na robo.

Lyle alicheka mpaka akashika mlango.

"Mimi nilizungumzia sekunde," alisema alipopata pumzi. "Sekunde, dada yangu. Wewe umeniletea saa nzima."

"Haiwezekani," Marnie alisema. "Ikiyumba inapoteza kidogo kidogo. Haiwezi kukata saa nzima, tena bila hata sekunde ya ziada."

"Basi imekata. Imekata vizuri, kwa unadhifu. Hongera."

Marnie alitoa simu yake. Saa tatu na robo. Akaomba ya Cletus. Saa tatu na robo. Lyle alimletea na yake bila kuombwa, akaisogeza mpaka karibu imguse pua.

"Au simu zote za Dakota zimekula njama dhidi yako? Nyinyi watu wa kuchorachora ofisini mna taabu kweli. Jogoo wa jirani yangu anatunza saa kuliko hiki kidude chako."

Wengine walicheka kwa sababu bosi kacheka. Cletus aliangalia buti zake.

Marnie alilifungua bomba mwenyewe, akang'oa ile fuwele, ndogo kama ukucha. Zote alizozichonga kabla yake zilipasuka kwenye tanuri la majaribio, ikabaki hii. Aliitazama kwa hasira ambayo hajawahi kumtazama nayo mtu. Kisha alitembea mpaka kwenye bwawa la tope la mtambo, akaitupa ndani, ikazama papo hapo.

"Dada, ungeiweka tu," Cletus alimwambia.

"Ya nini? Niliiamini kuliko macho yangu. Ujinga huo unanitosha."

Aliondoka na gari lake kuelekea mpakani bila kuaga. Lyle alimpiga picha kwa nyuma, akaituma kwa wasimamizi wenzake wa visima vya jirani pamoja na kisa chote, na mmoja baada ya mwingine wakajibu kwamba mwanamke huyo hatakanyaga kwao. Mchana alirudi nyumbani akiimba njia nzima, hadithi imemkaa mdomoni, ana hamu ya kumsimulia mkewe.

Alimkuta Bev jikoni na soksi zake, amepanda kiti, anajinyoosha kuifikia saa ya ukutani.

"Bev, hebu sikia," alianza huku akivua viatu. "Leo nimemfukuza dada mmoja wa Saskatchewan na saa yake..."

"Heri yao wa Saskatchewan," Bev alisema bila kugeuka. "Kwao saa hawazigusi mwaka mzima. Njoo unishikie kiti. Leo ndiyo ile Jumapili ya Machi ambapo serikali huamuru saa zote zisogezwe mbele kwa saa moja. Simu na kompyuta zimejisogeza zenyewe usiku tukiwa tumelala, lakini hii maskini usipoisogeza kwa mkono, inabaki nyuma saa nzima."